Tuhesabu pamoja, ili mtunza hazina apate usingizi



Ukitaja Bagamoyo, watu wengi hufikiria pwani, majahazi na magofu. Sisi wa Rungwe tunayo Bagamoyo yetu, kata iliyomo ndani ya mji wa Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kuona haya na watu huenda ibadani na miavuli mikononi. Kama umewahi kusali upande huu, unajua jinsi sadaka inavyokuja. Wapo wanaoleta bahasha za ahadi. Yupo mama anayefika na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine ana maparachichi kwenye ndoo, mwingine kuku aliyefungwa miguu, na mtoto ameshika mayai mawili kana kwamba ameshika dunia. Baada ya ibada mnada hufanyika nje ya kanisa. Watu hucheka na kutaniana, na mkungu ambao sokoni ungeuzwa elfu sita hununuliwa kwa elfu kumi na tano, kwa sababu umeshatolewa kwa Bwana.

Hayo sote tunayaona na kuyafurahia. Leo nakuomba tutafakari kile kisichoonekana na wengi: saa ile baada ya mnada, watu wameshakwenda nyumbani kula, kanisani wamebaki watu wawili au watatu na kapu. Wakati mwingine amebaki mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa wazee wa kanisa mahali ambapo sitapataja. Mtunza hazina wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu ambaye ukimwachia ng'ombe atakurudishia na ndama wake. Tulimwamini sana, hata tukaacha kumsaidia. Kila Jumapili sisi wengine tulikuwa na sababu ya kuondoka. Mmoja ana wageni, mwingine anaona wingu linakuja, mwingine anawahi gari la Kiwira. "Mwalimu, tutaonana Jumatano," tulimwambia, tukamwachia kapu. Yeye alibaki, akahesabu, akaandika kwenye daftari la shule, akatia fedha kwenye mfuko wa koti na kwenda nazo nyumbani hadi atakapopata nafasi ya kwenda benki.

Siku ya kununua mabati ilipofika, daftari lilisema neno moja na benki ikasema jingine. Zilipungua shilingi 430,000. Mwalimu akaulizwa mbele ya kikao. Alisimama, akapekua kurasa, akasema nyingine zilinunua saruji, nyingine alimpa fundi, nyingine zilipelekwa kwa familia iliyofiwa kwa maagizo yetu sisi wenyewe. Hakuwa na stakabadhi hata moja. Nasi tulioagiza tukaanza kutazamana, kila mmoja akitumaini mwenzake ndiye anayekumbuka.

Mpaka leo sijui zile fedha zilikwenda wapi. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba Mwalimu aliiba, na yeye hakuweza kuonyesha kwamba hakuiba. Aliuza ng'ombe wake akalipa. Baada ya hapo hakuonekana tena ibadani. Alipofariki tulikwenda kumzika, tukaimba vizuri, lakini nyuma ya umati mnong'ono ulikuwa bado upo.

Mpendwa msomaji, kwa muda mrefu nilijiuliza kama Mwalimu alitukosea. Sasa najiuliza swali jingine: sisi tulimkosea kiasi gani? Tulimtwika mtu mmoja mzigo wa watu mia mbili, tukauita uaminifu. Ungekuwa mzigo wa mahindi, tungemtafutia mtu wa kumsaidia kujitwisha.

Ndiyo maana nasema kuhesabu pamoja, kuandika na kukagua ni namna ya kumpenda mtunza hazina. Watu wengi hudhani utaratibu wa fedha umewekwa kwa ajili ya mwizi. Mwizi hupata njia hata penye utaratibu. Anayeumia zaidi pasipokuwa na utaratibu ni mtu mwaminifu, kwa sababu siku ya kuulizwa hana cha kushika mkononi.

Tazama jinsi Ezra alivyofanya. Katika kitabu chake, sura ya 8, anasafiri na watu wake kutoka nchi ya uhamisho kwenda Yerusalemu, safari ya karibu miezi minne, na wamebeba fedha, dhahabu na vyombo vilivyotolewa kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Fedha peke yake ilikuwa talanta 650. Njiani kulikuwa na wanyang'anyi. Ezra angeweza kumwomba mfalme askari, lakini aliona haya, maana alikwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu huwalinda wamtafutao. Basi wakafunga na kuomba, wakaondoka bila askari.

Sasa ona jambo hili. Mtu huyuhuyu aliyemtegemea Mungu kiasi cha kukataa askari hakukataa mizani. Kabla ya kuondoka aliwachagua viongozi kumi na wawili wa makuhani pamoja na Walawi wenzao, akawapimia ile mali. Walipofika Yerusalemu ilipimwa tena, mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili, na uzito wote ukaandikwa wakati uleule. Wale watu walikuwa watakatifu kwa Bwana. Ezra mwenyewe aliwaambia hivyo. Hata hivyo aliwapimia. Utakatifu wao haukuondoa mizani, wala mizani haikuwavunjia heshima.

Mtume Paulo naye alikuwa na mchango mkubwa mikononi mwake, fedha za makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na uhitaji. Soma 2 Wakorintho 8, kuanzia mstari wa 16. Nani angethubutu kumshuku Paulo? Lakini hakutaka kubeba peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, tena na ndugu mwingine. Sababu anaitoa bila kificho: hakutaka mtu yeyote apate neno la kuwalaumu katika wingi wa fedha ile. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na pia mbele za wanadamu. Tunapenda kusema, "Mungu anaona." Ni kweli anaona. Paulo alitaka na wanadamu waone.

Msomaji mzuri wa Biblia atanikumbusha kisa cha mfalme Yoashi katika 2 Wafalme 12, kwamba wasimamizi wa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Umesema vema, lakini tuanze mwanzo wa sura. Makuhani walikuwa wakipokea fedha kila mmoja kwa mkono wake, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme yule nyumba ilikuwa bado ina mabomoko. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja na kuzifunga mifukoni. Fedha zilipowafikia wale wasimamizi zilikuwa zimeshahesabiwa na watu wa pande mbili, na kazi yao ilikuwa ikionekana kwa macho: ukuta umesimama au haujasimama.

Sasa turudi kwetu. Fedha hizi ni za nani? Injili ilifika Rungwe mwaka 1891 kwa mikono ya wamisionari wa Kimoraviani, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, na mwaka huohuo wakaja wa Misheni ya Berlin. Siku zile gharama nyingi zilibebwa na Wakristo wa Ujerumani ambao hawakupata kuuona Mlima Rungwe. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa wamisionari Wajerumani, na walimu na wainjilisti wenyeji ndio walioshikilia sharika. Leo jengo, mshahara wa mchungaji, kinanda, hata ufagio, vyote hutoka kwetu. Vinatoka kwa mchuma chai aliyeamka alfajiri na kikapu mgongoni, kwa mama aliyeuza viazi kwenye matope ya soko, kwa kijana wa bodaboda aliyetoa elfu mbili kabla hajajaza mafuta. Kila shilingi iliyo katika kapu ina jasho la mtu unayemjua. Ukiipoteza, umempoteza mtu wa jirani.

Tuseme basi kwa vitendo. Chukua Jumapili moja ya mfano. Bahasha zimeleta shilingi 186,000. Kapu limeleta 94,500. Mnada umeleta 61,000. Jumla ni 341,500. Lakini katika mnada, mtu mmoja alichukua mkungu wa 12,000 akasema, "Nitaleta Jumatano." Kwa hiyo fedha zilizopo mezani ni 329,500. Kama hukuandika jina la yule wa Jumatano, umeshatengeneza upungufu wa 12,000, na hakuna mwizi hata mmoja aliyepita. Fanya hivyo mwezi mzima, kisha mwaka, nawe utaelewa jinsi Mwalimu wetu alivyofika pale alipofika.

Kwa hiyo, kwanza, sadaka ihesabiwe siku hiyohiyo, palepale kanisani, na watu wasiopungua watatu ambao si wa nyumba moja. Mume na mke ni mwili mmoja. Katika kuhesabu wahesabiwe kuwa mtu mmoja. Wahesabuji wabadilishane kwa zamu. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watie sahihi, na nakala moja ibaki kwa mtu mwingine asiye mtunza hazina.

Pili, fedha zisilale nyumbani kwa mtu. Zipelekwe benki zote kama zilivyohesabiwa, mapema kadiri inavyowezekana. Kosa linalotuponza ni kuchomoa kwenye kapu kabla ya kupeleka: "Tumpe fundi elfu ishirini hapahapa, tutaandika baadaye." Hiyo baadaye ndiyo iliyomuuza ng'ombe wa Mwalimu. Fedha ziingie zote, kisha zitoke kwa hati ya malipo iliyoidhinishwa na sahihi za watu zaidi ya mmoja. Aliyeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe ndiye anayeandika vitabu.

Tatu, tuseme juu ya simu. Siku hizi muumini aliye Mbeya au Dar es Salaam anatuma ahadi yake kwa simu, nasi tunashukuru. Lakini anatuma kwa namba ya nani? Kama ni namba ya mchungaji au ya mtunza hazina mwenyewe, fedha ya Bwana inakaa mfuko mmoja na fedha ya vocha na ya ada ya mtoto. Mwenye simu anaweza kuwa malaika, lakini siku akiugua ghafla au simu ikiibwa, nani atatenganisha? Kanisa lifungue namba ya malipo kwa jina la kanisa, na taarifa yake isomwe pamoja na ya benki.

Nne, fedha iliyotolewa kwa kusudi moja itumike kwa kusudi hilo. Ukitangaza mabati, nunua mabati. Ikitokea dharura, rudi kwa waliotoa uwaombe ruhusa. Mtu aliyetoa kwa ajili ya paa, akaona mvua inamnyeshea mwaka wa tatu, hatakuuliza kitu. Atapunguza tu bahasha yake, nawe utahubiri juu ya ugumu wa mioyo.

Tano, hesabu zisomwe kwa washarika, angalau kila robo mwaka, kwa lugha ambayo bibi wa kiti cha nyuma ataielewa: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, tunadaiwa nini. Na kila mwaka wawepo wakaguzi ambao hawashiki fedha hizo. Hata sheria ya nchi inatudai hilo. Makanisa mengi yameandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, naye ana mamlaka ya kutaka kuona hesabu. Itakuwa aibu serikali iweze kuziona, na aliyetoa mayai mawili asiweze.

Jambo jingine ni la fedha kubwa. Kapu dogo tunalihesabu kwa ukali, lakini bahasha nene ya mheshimiwa tunaipokea kwa makofi bila swali. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilitangaza kurudisha mchango uliotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, shilingi milioni 2.6 za Kenya, na ule wa gavana wa Nairobi, shilingi 200,000. Lilisema kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Unaweza kukubaliana nao au kutokubaliana, lakini walionyesha kwamba kanisa lina haki ya kuuliza fedha inatoka wapi na inakuja kutafuta nini. Ndivyo ilivyo pia kwa mikopo. Kabla viongozi hawajatia sahihi deni la jengo, watakaolilipa wapewe nafasi ya kusema, kwa kuwa deni la kanisa haliishi na viongozi walioliingia. Hulipwa na watoto wa shule ya Jumapili.

Najua hoja zitakazokuja. Wapo watakaosema, "Sisi hapa ni ndugu, tunajuana." Ndiyo, na kwa kuwa ni ndugu hatutaki kuzika ndugu akiwa na doa ambalo tungeweza kulizuia kwa kalamu. Wengine watanukuu kwamba mkono wa kushoto usijue la mkono wa kuume. Yesu alimwambia hilo mtoaji, ili asijitangaze. Hakumwambia mtunza mfuko. Nao wanafunzi walikuwa na mtunza mfuko, na Yohana 12 inatueleza alivyokuwa akichukua vilivyotiwa humo. Kama jambo hilo liliweza kutokea mezani pa Bwana mwenyewe, usharika wako hauna kinga.

Na wewe uliyekaa kwenye benchi una sehemu yako. Ukiwa na swali, liulize kikaoni, kwa adabu, mbele ya mwenye kulijibu. Usilipeleke kisimani wala kilabuni. Ukiteuliwa kuhesabu, baki, hata kama wingu linakuja. Mchungaji, usishike funguo za kasha. Utahubiri kwa uhuru zaidi. Na kama tayari upungufu umeonekana kwenu, msianze kwa kelele. Wagalatia 6 inatuelekeza kumrejeza aliyeghafilika kwa roho ya upole. Kaeni naye, chukueni vitabu, tafuteni ukweli pamoja naye. Akiwa ameiba, arudishe na atubu, asishike tena mfuko, lakini asifungiwe mlango wa ibada. Akiwa hakuiba, mseme mbele ya watu wote kwa sauti ileile mliyomshtaki nayo.

Sisi hatukufanya hivyo kwa Mwalimu. Mara ya mwisho nilipokutana naye ilikuwa njiani, mvua ikinyesha. Nikamwamkia, "Mugonile." Akaitikia vizuri, akanisogezea nafasi chini ya mwavuli wake. Tulitembea hadi njia panda tukizungumza habari za ndizi na bei ya mbolea. Sikumwomba msamaha. Nilidhani ipo siku nyingine.

Wazee husema jina Bagamoyo lilitokana na kubwaga moyo: mpagazi ametoka mbali, amefika, anatua mzigo na moyo unapumzika. Ningependa kila mtunza hazina wa kanisa, wa Bagamoyo yetu na wa kwingineko, aifikie hali hiyo kila Jumapili jioni. Fedha zimehesabiwa, wenzake watatu wametia sahihi, kitabu kimefungwa, na yeye amekwenda kula na watoto wake akiwa hana la kumwogopesha. Usingizi huo tunaweza kumpa. Unatugharimu nusu saa tu baada ya mnada.

Tuombe. Bwana, tunakushukuru kwa wote wanaoshika mifuko ya makanisa yetu. Utusamehe pale tulipowaacha peke yao tukauita uaminifu. Utupe mikono safi, vitabu vilivyo wazi, na moyo wa kubaki kuhesabu pamoja nao. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Jumapili njema.